ED ya siku tatu

Dokta alikua anaandika bila kuniangalia, akachana karatasi kwenye kitabu chake, akagonga muhuri, akanipa. "Nimekupa ED siku tatu. Kampe bosi wako, upumzike."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante dokta, nikatoka.

Nimefika kituoni ndio nikaisoma vizuri hiyo ED, karatasi ya daktari ya kukuruhusu usiende kazini. Juu imeandikwa KWA MWAJIRI, chini yake jina langu, umri, na kwamba mtajwa asifanye kazi kwa siku tatu kuanzia leo.

Bosi wangu ni mimi.

Nilikaa pale kwenye benchi zikapita daladala tatu za Mbagala Rangi Tatu, zote zina siti, mi sijapanda hata moja. Ile karatasi ninayo wiki ya saba sasa, iko kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini na chaki, kila nikifungua kutafuta sindano naiona, na kila nikiiona kuna kitu kinanikaba hapa kooni. Ndio maana nimeamua niandike, pengine na we unayesoma una karatasi yako mahali.

## Vipimo vyote safi

Nilienda hospitali kwa sababu ya moyo. Saa tisa usiku nashtuka, moyo unakimbia kama nimefukuzwa, jasho, halafu akili inaanza kuhesabu nguo. Gauni la send-off la Jumamosi bado lasi, sare za mashangazi kumi na mbili nimekata tisa, yule wa suti ya kitenge nilimwahidi jana na jana imeshapita, nahesabu hivyo hivyo mpaka adhana ya alfajiri halafu naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mtaani kila mtu ana jibu lake, mara vidonda vya tumbo, mara presha, mara umetupiwa kitu. Nikapima presha, sukari, damu, wadudu wa tumbo, mpaka moyo wakanipima na zile waya za kubandika.

Vyote safi.

Sasa mi kazi yangu ni kupima watu, kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono, na najua kabisa kwamba vipimo vinaweza kuwa sawa vyote na gauni likagoma kukaa mwilini. Ndivyo nilivyojisikia nikiwa nasomewa majibu. Dokta, kijana tu ila mstaarabu sana, akaniuliza mara ya mwisho kupumzika ilikua lini. Nikaanza kutafuta kichwani. Sikukuu haziwezi kuwa, maana Idi na Krismasi ndio mafundi tunakesha, watu wanaamka wamependeza sisi macho mekundu. Msibani? Msiba wa shangazi nilikua najibu meseji za wateja simu ikiwa chini ya khanga. Mwisho nikamwambia nadhani ni nilipolazwa kujifungua mtoto wangu wa pili.

Mtoto ana miaka minne.

## Siku 84

Usiku ule nikaingia kwenye simu kutafuta sheria inasemaje kuhusu kupumzika. Nikakutana na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ile ya 2004. Mwajiriwa ana likizo ya mwaka siku 28, anazichukua mfululizo na analipwa. Akiumwa ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Mama akijifungua ni siku 84, wakiwa mapacha 100.

Nilisoma ile 84 mara nyingi.

Mi nilirudi kwenye cherehani siku ya 31, mtoto kalala kwenye boksi la vitenge chini ya meza ya kukatia, na kila nikikanyaga pedeli nageuka kumwangalia. Wateja waliokuja walinipongeza. Na mi nilifurahi kupongezwa, nisiwadanganye.

Sisemi haya kumlaumu mtu. Sheria inahitaji pande mbili, anayeajiri na anayeajiriwa, sasa mimi nimekaa pande zote mbili. Ila swali lilinisumbua, kwamba kama zile siku 84 kuna mtu aliyeninyima, ni nani huyo? Mwaka jana msichana wangu mmoja kati ya wale wawili ninaofanya nao kazi aliumwa malaria, nikamwambia lala nyumbani mpaka upone, nikamtumia na hela ya matunda. Angeniletea ED nisingeuliza hata swali moja. Kwa hiyo mwajiri mwenyewe sio mbaya. Mbona sasa akinigeukia mimi anakua mkali hivi?

Dada yangu ni mwalimu, kila tukiongea ananiambia we una raha, hakuna anayekuuliza ukichelewa. Ni kweli hakuna anayeuliza. Hakuna pia anayeuliza mbona hujarudi nyumbani mpaka saa nne.

## Kubaki kwa namna tatu

Mdogo wangu yuko chuo, anasoma rasilimali watu. Alikuja kuchukua suruali yake nikamwonyesha ile karatasi, akakaa kwenye stuli akaniambia dada, kuna watafiti wawili wa Canada, John Meyer na Natalie Allen, waliandika mwaka 1991 kwamba mtu kung'ang'ania kazi kuna namna tatu. Anabaki kwa sababu anataka mwenyewe. Au anabaki kwa sababu akiondoka kuna vitu atapoteza. Au anabaki kwa sababu anaona ana deni la fadhila, kuondoka itakua kama usaliti. Wao walikua wanaongelea wafanyakazi na taasisi zao, habari za fundi wa Mbagala hazikuwepo humo, ila ile kitu ilinikaa.

Akaniuliza, "We dada uko wapi hapo?"

Nikajibu haraka, ya kwanza. Napenda kazi yangu.

Na naipenda kweli. Kuna kitu kinatokea ukitandaza kitenge mezani ukatafuta namna ya kukata ili ua lililoko upande wa kushoto wa kifua likutane na mwenzake wa kulia bila kupishana hata kidogo, unageuza kitambaa, unapima tena, unachora na chaki, halafu mkasi ukianza kutembea hakuna dunia nyingine. Nilitoka kiwandani 2015 kwa sababu ya hicho kitu. Kiwandani nilikua nashona kola tu, asubuhi kola, jioni kola, sijawahi kuona shati limeisha na kuvaliwa na mtu.

Ila baada ya mdogo wangu kuondoka nikaanza kujihoji vizuri. Ile ya fadhila ninayo, tena nzito. Cherehani yangu ya kwanza, ya miguu, mama alinipa hela ya upatu aliyokua ameisubiria zamu yake miezi kumi, na alikua na mipango nayo, alitaka kuezeka jiko. Jiko liliezekwa miaka mitatu baadaye. Nikifunga fremu naona kama naifunga ile hela ya mama. Na hao wasichana wawili, mmoja anasomesha mdogo wake kwa hii kazi.

Halafu ikaja ile ya kupoteza, na hapo ndio nilikaa muda mrefu.

Mwishoni mwa 2023 kwenye mgao wa umeme nilikua na sare za harusi mbili za mwezi wa kumi na mbili. Ovaloki haiendi bila umeme. Umeme ukirudi saa sita usiku na mi narudi kazini saa sita usiku, ukikatika naweka kichwa mezani nasinzia, ukirudi naendelea. Nikaona hapana, nikakopa 600,000 ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, ninunue jenereta. Jina lenyewe linakueleza, ila ukiwa na mabibi harusi wawili hujali jina. Narudisha 65,000 kila Alhamisi wiki kumi na mbili, jumla 780,000. Nikamaliza. Na wiki ile ile niliyomaliza mwenye fremu akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikakopa tena. Toka hapo Alhamisi haijawahi kuondoka maishani mwangu. Nikamaliza ule nikachukua mwingine, na Jumatano usiku nikawa sili vizuri.

Kwa hiyo niko kwote kutatu, na kwa siku moja naweza kuzunguka kote. Asubuhi nakata kitambaa nikiwa nataka, mchana nashona kwa ajili ya Alhamisi, jioni nabaki kwa ajili ya mama.

Mtaani vyote hivyo vina jina moja. Kujituma.

Mteja akipita saa nne usiku akakuta taa inawaka anasema hongera fundi, unajituma. Hawezi kujua taa inawaka kwa mapenzi au inawaka kwa deni, kwa nje mwanga ni ule ule. Kilichoniuma ni kugundua kwamba hata mimi niliye ndani nilikua sijui tena. Nilikua nimeacha kutofautisha. Ukipongezwa kila siku kwa kitu kinachokumaliza unaanza kukitetea, na mi nilikitetea sana, nilishawahi kumwambia mume wangu haelewi maana ya kujiajiri, aliponiomba Jumapili moja tu.

Na hawa wahamasishaji wa mitandaoni wanachangia, wacha niseme. Kila ukifungua simu kuna mtu anakuambia wenzako wakilala we fanya kazi. Bibi yangu alikua anasema mchumia juani hulia kivulini, na hiyo methali tunaipenda sote, ila siku hizi tunaisoma nusu. Jua tunalitaja. Kivuli nacho kimo humo humo kwenye methali, kimetajwa kwa jina.

## Alama 7

Mdogo wangu hakuniacha, akanitumia maswali matano ya Shirika la Afya Duniani, WHO-5 wanaita, yapo tangu 1998. Ni mafupi. Unaulizwa kuhusu wiki mbili zilizopita: nimekua mchangamfu na mwenye moyo mkunjufu, nimejisikia mtulivu, nimejisikia nina nguvu, nimeamka nikiwa nimepumzika, siku zangu zimejaa vitu vinavyonivutia. Kila moja unajipa kuanzia 0 mpaka 5. Unajumlisha unazidisha kwa 4, juu kabisa ni 100. Jumla yako kabla ya kuzidisha ikiwa chini ya 13 wanashauri uangaliwe kama una sonona.

Nilijaza nikiwa fremuni, wasichana wameenda kula.

Uchangamfu 1. Utulivu 1. Nguvu 2. Kuamka nimepumzika 0, hiyo sikufikiria hata sekunde. Jumla ikawa 4 na limebaki swali moja, lile la siku kujaa vitu vinavyonivutia, nikaangalia mezani kulikua na kitenge cha Mtaa wa Uhuru cha bluu na dhahabu ambacho nilikua nakitamani kukikata toka asubuhi. Nikaandika 3.

Saba. Mara nne, 28.

Nililia kidogo, na sababu sio ile 28. Ni ile 3. Nilikua nadhani mtu aliyechoka hivi maana yake kazi imemshinda, akaajiriwe, au basi anadanganya kwamba anaipenda. Kumbe unaweza kukipenda kitu na hicho hicho kikawa kinakukausha, na mapenzi hayakulindi hata kidogo, tena ndio yanakufanya usisikie mpaka moyo uanze kukimbia saa tisa usiku. Mfanyakazi asiyependa kazi ikifika saa kumi na moja anaondoka zake. Anayependa nani atamtoa?

(Dokta nilirudi kwake, nikamwonyesha zile namba. Akanielekeza kwa mtu wa ushauri, naenda kila baada ya wiki mbili. Hiyo nitaiandikia siku nyingine, ila kama umejijazia ukakuta chini ya 13 usikae nayo peke yako, nenda.)

## Babu wa viatu

Mbele ya fremu yangu chini ya mwarobaini kuna babu anashona viatu. Adhuhuri kila siku anafunga boksi lake, anaenda msikitini, anarudi kwake anakula, anajilaza, anafungua tena alasiri. Miaka tisa namuona na sijawahi kuona.

Siku moja nikavuka barabara.

"Shikamoo babu."

"Marahaba fundi. Cherehani limegoma?"

Nikamwambia hapana, nataka kumuuliza, akifunga mchana wateja hawamkimbii?

"Walikimbia," akasema, huku anavuta uzi kwa meno. "Mwanzo nilikua nawahesabu. Sasa hivi wanajua, wanakuja saa kumi."

"Na hao waliokimbia?"

"Walishonewa kwingine. Viatu vyao si vilipona?"

Nikacheka, nikaondoka nimefurahi, nimefika katikati ya barabara nikarudi. Nikamuuliza, babu samahani, una mkopo? Akasema hajawahi. Nyumba yake, watoto wamekua, lile boksi halina kodi.

Hapo nikaelewa kwamba jibu la babu ni langu nusu. Nusu moja ni kujiruhusu, na hiyo hakuna atakayenifanyia, kuwaambia wateja siku fulani sipo na kuvumilia watakaoondoka. Nusu nyingine ni hela. Mtu mwenye 65,000 ya Alhamisi huwezi kumwambia apumzike ukaishia hapo, ni sawa na kumwambia mwenye njaa atulie. Nimewasikia watu wazuri kabisa wanasema jali afya yako ya akili, fundi, jipende, na nawashukuru, ila hakuna aliyewahi kuniuliza nadaiwa shilingi ngapi.

Nikaanzisha kibubu. Kila nguo inayotoka, buku inaenda kwenye laini nyingine ya simu isiyo na namba ya mteja hata mmoja. Nimekiita ED. Wasichana wanajua, nguo ikitoka wananikumbusha, "dada, ya ED". Kwa wiki nne zilitoka nguo 41.

Elfu arobaini na moja. Nikapiga hesabu, inanifidia siku mbili. Mkopo huu ukiisha sichukui mwingine, nimeapa, na nimeshaulizia NSSF pia, wanapokea na sisi tuliojiajiri.

## Jumatatu na Jumanne

Nilichagua Jumatatu na Jumanne ya wiki iliyopita. Fremu ilibaki wazi, wasichana wapo, simu ya kazi nikawaachia.

Jumatatu ilikua mbaya. Mwili uko kitandani, akili iko Mbagala fremuni inapiga pasi. Kuna mtafiti Mjerumani, Sabine Sonnentag, kazi yake kubwa ni hii hii, kwamba mtu hapumziki mpaka akili nayo iondoke kazini, mdogo wangu ndio alinitumia. Nilimuelewa vizuri sana siku ile. Saa tano nikapiga simu kuulizia, saa sita nikapiga tena, saa nane msichana akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, lala." Jioni wakaniambia ukweli, kuna mteja alikuja kuchukua gauni halijaisha, akasema kama fundi anapumzika na yeye anapumzika, akachukua kitambaa chake akaondoka. Ilikua kazi ya 45,000. Na mkono mmoja wa blauzi ya mtu mwingine umekatwa fupi.

Nililala nikijua nimefanya kosa.

Jumanne mume wangu akawapeleka watoto shule. Nikasema nijinyooshe kidogo, na nilipofumbua macho ilikua saa tisa mchana. Nyumba kimya, nje kuna mtu anatwanga. Nilikaa pale kitandani nikagundua kichwani mna kola. Kola ya gauni, inayozunguka shingo halafu inadondoka upande mmoja begani kama jani la mgomba, sijui ilitoka wapi, sikua nimeiona popote. Nikatafuta kalamu nikaichora nyuma ya risiti ya LUKU. Haikua ya mteja yeyote. Haikua na tarehe.

Sikumbuki mara ya mwisho mshono kunijia bila tarehe. Pengine mwaka mzima, pengine miwili.

Alhamisi afisa mikopo alikuja kama kawaida, nikatoa 65,000, na usiku wake bado nilishtuka saa tisa. Sitaki mtu asome hapa adhani siku mbili zimenitibu. Yule mteja wa 45,000 hajarudi. Blauzi nimenunua kitambaa kingine kwa hela yangu nikaanza upya, na msichana aliyeikata nilikaa naye tukakata pamoja, sikumfokea. Mwenzake zile siku mbili alimaliza magauni mawili peke yake, mawili, na moja limeshonwa vizuri kiasi kwamba nilitafuta kasoro nikakosa. Kumbe nilikua nambana na yeye.

Ile karatasi bado iko kwenye droo. Nimeandika kwa kalamu pale pembeni tarehe za zile siku mbili na nikasaini mahali pa mwajiri.

Siku ya tatu bado naidai. Nimeipanga Jumatatu baada ya harusi ya mwisho wa mwezi, wasichana wameshaandika kwenye kalenda ya ukutani, na mteja wa kwanza kuiona ameniuliza fundi Jumatatu hiyo kuna nini.

Nikamwambia niko likizo.